Namna ya kupata ahadi za waamini zinazolipwa: mwongozo kamili kwa kamati za fedha za parokia

Kila mwaka ikifika Septemba napokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa wajumbe wa kamati za fedha, wa Urambo, wa Sikonge, wa Nzega, na wa hapa hapa Tabora mjini: daftari limejaa ahadi, sanduku halina kitu. Wengi wanahitimisha kwamba waamini wamekuwa wabahili.

Sikubaliani nao. Huyo asiyelipa mara nyingi ndiye aliyechinja jogoo katekista alipopita kwake. Kosa liko kwenye namna tulivyomwomba. Tulimwomba mbele ya watu, katika mwezi ambao hana fedha, kwa jambo ambalo hatukumweleza, baada ya mwaka mzima bila kumsomea hesabu.

Nimeandika kwa kufuata parokia ya Kikatoliki yenye vigango vya mashambani, yaani makanisa madogo yaliyo chini ya parokia, na jumuiya ndogondogo za waamini za mjini. Wenzetu Walutheri wa KKKT, Moraviani na Anglikana wabadilishe majina ya vyeo tu, hatua zitawafaa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Hesabu ya mapato na matumizi ya mwaka uliopita, iliyosainiwa na paroko na kamati ya fedha.
- Orodha ya kaya kwa kila jumuiya, iliyohakikiwa na mwenyekiti wa jumuiya mwaka huu.
- Kadi za ahadi, zenye sehemu mbili za kukata: moja inabaki kwa mwamini, moja inarudi ofisini.
- Bahasha zenye namba.
- Kitabu cha stakabadhi chenye nakala.
- Daftari moja kubwa la ahadi. Kama mna kompyuta ni vizuri, lakini daftari lisikosekane, maana umeme hukatika na kompyuta huibiwa.
- Akaunti ya benki ya parokia yenye watia saini zaidi ya mmoja, na lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la parokia.
- Mzani, kwa vigango vitakavyopokea mazao.
- Muda. Tengeni wiki nane kutoka kikao cha kwanza hadi Jumapili ya ahadi. Anayetaka kufanya kazi hii kwa wiki mbili asubiri mwaka ujao.

## Hatua ya 1: Andikeni pengo kwa shilingi

Kamati ikae na kuandika kila gharama ya mwaka: posho za makatekista, mlinzi, umeme na maji, mafuta ya pikipiki ya kwenda vigangoni, hostia, divai na mishumaa, matengenezo, mchango wa jimbo. Kisha iandike mapato ya uhakika, yaani sadaka za Jumapili kama zilivyokuwa mwaka jana, si kama mnavyotamani ziwe. Tofauti ya hizo mbili ndiyo mnayokwenda kuomba.

Chukua mfano. Mahitaji ni 24,000,000, sadaka za mwaka jana zilikuwa 15,000,000. Pengo ni 9,000,000. Parokia ina kaya 300, kwa hiyo wastani ni 30,000 kwa kaya kwa mwaka, au 2,500 kwa mwezi.

Namba hii ya mwisho ni ya kamati kujipima. Msiitangaze kama kiwango. Mkisema "kila kaya 30,000", mwalimu ambaye angetoa 120,000 atatoa 30,000 na kupumzika, na bibi anayelea wajukuu watatu atakaa nyumbani Jumapili hiyo kwa aibu. Mtume Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba utoaji hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo (2 Kor 8:12). Wapo watakaotoa 5,000 kwa mwaka na wapo watakaotoa laki mbili, na pengo litajaa.

Kazi ya ujenzi msiichanganye na mahitaji ya kila mwaka. Kanuni ya 1267 ya Sheria ya Kanisa inasema matoleo yaliyotolewa kwa lengo fulani yatumike kwa lengo hilo tu. Mkiomba ya bati, yanunue bati.

Mtajua mmefaulu pale mjumbe yeyote wa kamati, akiulizwa njiani, anaweza kutaja pengo na mambo matatu makubwa yanayolisababisha bila kufungua karatasi.

## Hatua ya 2: Someni hesabu ya mwaka uliopita kwanza

Hapa ndipo parokia nyingi hukwama, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Katika parokia niliyowahi kuitumikia, tulipanga kuomba ahadi mwezi Juni. Mzee mmoja wa kigango akanyosha mkono kwenye kikao, akauliza kwa upole: "Wanangu, ile ya kisima iliishia wapi?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Fedha haikuibiwa. Ilikuwa imenunua mabomba, mabomba yakalala stoo yakisubiri fundi. Lakini miaka miwili hatukuwa tumelisema hilo kwa waamini, na kigango kizima kilikuwa kimekwisha kuamua kwamba tumekula. Tuliahirisha zoezi mwaka mzima.

Kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wa mali za Kanisa watoe hesabu kwa waamini juu ya mali walizozitoa. Kwa hiyo kusoma hesabu ni haki ya mwamini, na Paulo mwenyewe alipobeba mchango mkubwa alichagua kwenda na wenzake ili mtu asije akamlaumu (2 Kor 8:20).

Fanyeni hivi:

1. Andikeni hesabu ya ukurasa mmoja, kwa maneno ya kawaida. "Matumizi mengineyo 1,800,000" haifai. Andikeni: matairi ya gari 900,000, paa la nyumba ya katekista 600,000, malipo ya mwisho wa mwaka ya watumishi 300,000.
2. Isomwe kila kigango na mtu wa kamati, si kwa kutuma karatasi peke yake.
3. Acheni dakika ishirini za maswali. Swali lisilo na jibu liandikwe, na jibu lirudi Jumapili inayofuata.
4. Kama kuna kosa, lisemeni nyinyi kabla halijaulizwa.

Tahadhari: msiombe fedha siku hiyo, hata kwa kugusia. Watu wakisikia hesabu na ombi katika pumzi moja, wataona hesabu ilikuwa chambo.

Dalili ya mafanikio ni maswali. Kigango kikikaa kimya kabisa, tumeni mwenyekiti wa jumuiya asikilize wanachosema wakitoka nje.

## Hatua ya 3: Chagueni mwezi kwa kufuata mfuko wa watu

Nimeona ahadi zikichukuliwa Januari kwa sababu "mwaka umeanza". Mkoani kwetu Januari ndiyo mwezi mbaya kuliko yote. Sare za shule zinanunuliwa, palizi imepamba moto, ghala la chakula linaelekea kwisha, na mkulima wa tumbaku yupo katikati ya gharama bila senti moja iliyorudi. Ukimwomba mtu huyo ahadi, atakupa jibu la kukuondoa.

Tazameni kalenda ya fedha ya watu wenu:

Wakulima wa tumbaku (Urambo, Kaliua, Sikonge, Uyui). Masoko huendelea kiangazi, na malipo hupitia chama cha msingi cha ushirika baada ya kukatwa mikopo ya pembejeo. Mkulima huona uzito na daraja la mtumba (robota) wake wa tumbaku kwenye karatasi muda kabla ya fedha kuingia benki. Kwa hiyo tarehe ya kulipa iandikwe "baada ya malipo ya tumbaku", si "tarehe 30 Juni". Na msiende kukiomba chama kiwakatie waamini ahadi zao juu kwa juu. Kuna watu hufanya hivyo kwa nia njema. Mkulima akikuta kanisa kwenye orodha ya makato pamoja na mbolea, ahadi yake imegeuka kodi.

Wakulima wa mpunga na mahindi (Igunga, Nzega, Uyui). Wanavuna kuanzia Mei. Wengi watapenda kutoa zao lenyewe.

Warina asali. Waulizeni wao wenyewe wanarina lini, maana inategemea msitu na maua ya mwaka.

Watumishi na wastaafu wa mjini. Mwisho wa mwezi, kidogo kidogo, mwaka mzima. Hawa ndio watakaolipa umeme wa Februari.

Bodaboda, mama lishe, wauza genge. Fedha yao ni ya siku. Ahadi ya mwezi huwashinda ila ya wiki wanaiweza: 500 kila Jumamosi kwenye jumuiya.

Kwa hiyo pendekezo langu: Jumapili ya ahadi iwe Juni, na mwaka wa ahadi uanze Julai uishe Juni inayofuata. Epukeni Kwaresima, maana ina mchango wake. Epukeni pia Jumapili ya Misioni ya Oktoba. Waamini wakiombwa mambo mawili kwa siku moja hugawanya kile kile kimoja.

## Hatua ya 4: Waombaji watangulie kuahidi

Kila jumuiya ichague watu wawili, mwanamke na mwanaume, wanaoaminika kwa siri. Sikusema wenye uwezo. Mama anayetunza mfuko wa kufa na kuzikana bila malalamiko anafaa kuliko mfanyabiashara anayependa kusikika.

Kabla hawajagonga mlango wa mtu, wao wenyewe wajaze kadi zao. Kamati ya fedha na halmashauri ya walei nao wajaze. Paroko naye ajaze. Asiyeahidi hawezi kuomba, kwa sababu swali la kwanza atakaloulizwa ni "na wewe je?", na uso wake utajibu kabla ya mdomo.

Wafundisheni kwa nusu siku. Wajue pengo, waijue hesabu ya mwaka jana, na wafanye mazoezi ya kuomba wao kwa wao. Usione haya kuwafanyisha mazoezi. Watu wazima wengi hawajawahi kuomba fedha isipokuwa za msiba.

## Hatua ya 5: Kadi iandikwe vizuri

Kadi iwe na mambo haya, isizidi hapo: namba ya bahasha, jina, jumuiya, kiasi au zao ninaloahidi, nitatoa lini (kila wiki, kila mwezi, baada ya mavuno, baada ya malipo ya tumbaku, mara moja), na sahihi. Chini kabisa pachapwe sentensi hii: "Hali yangu ikibadilika nitamjulisha mweka hazina, na ahadi hii itapunguzwa au kufutwa bila kuulizwa sababu."

Sentensi hiyo ndiyo iliyotubadilishia mambo. Tuliambiana tangu utotoni kwamba ahadi ni deni. Na wengi wamesikia Mhubiri akisema ni heri usiweke nadhiri kuliko kuweka usiiondoe (Mhu 5:5). Mwamini mnyoofu akijumlisha hayo mawili anaona usalama ni kutoahidi kabisa. Mwelezeni wazi kwamba kadi hii si nadhiri. Nadhiri katika Kanisa ni ahadi anayopewa Mungu mwenyewe, kwa kukusudia na kwa hiari. Kadi ya parokia ni makadirio ya mtu kwa familia yake ya kanisa, ili kamati iweze kupanga mwaka.

Kwa mazao, andikeni kilo. Gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo, na gunia la kawaida si kitu kimoja, na debe la mtu mmoja si la mwingine. Asali nayo iandikwe kilo: ndoo ya lita 20 iliyojaa asali ina uzito wa karibu kilo 28, na ugomvi mwingi wa "nilitoa ndoo" huishia hapo. Siku za kazi pia ni ahadi. Fundi mwashi asiye na fedha anaweza kuandika siku nne za kazi, nanyi muwe na kazi hiyo tayari.

## Hatua ya 6: Kuomba nyumbani, kisha altareni

Wiki mbili kabla ya Jumapili ya ahadi, waombaji wapite kaya kwa kaya. Wasipeleke kadi ya kujazwa palepale. Wapeleke maelezo, waache kadi. Mazungumzo yawe kama haya:

"Hodi hapa. Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibuni."

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Kaeni, kiti hicho."

"Mama, tumetumwa na jumuiya. Ulisikia hesabu ilivyosomwa mwezi uliopita. Mwaka huu parokia imepungukiwa milioni tisa, na kubwa zaidi ni posho za makatekista na matengenezo. Hii ni kadi. Hatuichukui leo. Kaa nayo, zungumzeni na wa nyumbani, mwombe Mungu. Utakachoona kinawezekana andika, hata kama ni kuku wawili. Jumapili ya tarehe fulani utaileta mwenyewe imefungwa kwenye bahasha."

Kisha wanyamaze. Wasitaje jirani ameahidi nini. Wasikadirie kwa kutazama paa. Kama mama ana shida, wasikilize shida, waondoke na shida hiyo kwenda jumuiya na si na kadi.

Siku yenyewe, baada ya homilia au wakati wa matoleo kama paroko atakavyoamua, bahasha zilizofungwa zipelekwe mbele. Asiye na kadi atembee pia na bahasha tupu ya sala, asijulikane.

Tahadhari kubwa: msisome majina wala viwango. Tulifanya hivyo mwaka mmoja, siku ya Pasaka, kipaza sauti mkononi. Ahadi zilipanda kama moto wa nyasi. Kijana mmoja aliyekuwa ameoa karibuni alitaja mabati ishirini kwa sababu aliyemtangulia alitaja kumi na tano. Hakuwa nayo. Kufika Agosti alikuwa ameacha kuja jumuiya, na hadi leo nikikutana na mama yake sokoni sijui nianzie wapi. Mabati ishirini hayakuwa na thamani ya kijana huyo.

Paulo aliandika: "Kila mtu na atende kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni, wala si kwa lazima" (2 Kor 9:7). Kipaza sauti ni lazima iliyovaa shangwe.

Mtajua mmefaulu kama jumla ya ahadi ni ndogo kuliko ile ya mwaka wa kelele. Msiogope. Ahadi ya milioni saba inayolipwa sita inajenga kuliko ya milioni ishirini inayolipwa tatu.

## Hatua ya 7: Kupokea

Kadi zifunguliwe na watu watatu, ziandikwe kwenye daftari siku hiyo hiyo, kisha zifungiwe. Viwango vya watu visitumwe kwenye kundi la WhatsApp la parokia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na hata isingekuwepo, heshima ingetosha.

Fedha taslimu zihesabiwe na wawili, stakabadhi itolewe palepale, benki ifikiwe siku ya kazi inayofuata. Malipo ya simu yaende kwenye lipa namba ya parokia. Namba binafsi ya mweka hazina isitumike hata kwa dharura, hata kama ni mtakatifu. Akipoteza simu au akiaga dunia, fedha ya parokia na ya familia yake zitakuwa zimechanganyika, na mjane wake ndiye atakayeteswa na maneno.

Mazao yapimwe mbele ya mtoaji na apewe stakabadhi ya kilo. Kamati iamue mapema kama itauza mara moja au itasubiri bei. Kusubiri kunalipa mara nyingi kwenye mpunga, lakini kunahitaji stoo kavu, mifuko isiyopitisha hewa na mtu anayewajibika kwa jina. Kama hamna hivyo vitatu, uzeni wiki hiyo hiyo, andikeni bei na mnunuzi.

## Hatua ya 8: Kukumbusha bila kudai

Kumbusheni kwa kufuata tarehe aliyoandika mtu mwenyewe. Aliyesema "baada ya malipo ya tumbaku" asipigiwe simu Julai kama fedha haijatoka. Kila mtu kijijini anajua haijatoka. Ujumbe uwe mfupi, uanze na shukrani:

"Tumsifu Yesu Kristo. Mama, tunashukuru kwa 15,000 uliyotoa hadi sasa. Imeingia kwenye posho za makatekista. Imebaki 9,000 kwa jinsi ulivyopanga. Kama mipango imebadilika, tuambie tu, tutarekebisha kadi. Mweka hazina."

Mara mbili kwa mwaka zinatosha. Ya tatu iwe ya kumtembelea kujua kama yu mzima, na kadi ibaki ofisini.

Na hapa nasema kwa uzito wote nilionao: ahadi isifungwe na sakramenti wala na mazishi. Kanuni ya 848 inaagiza wahitaji wasinyimwe msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini. Nimewahi kusimama kwenye msiba ambapo kadi ya marehemu ilikaguliwa kabla ya katekista kuanza sala. Watoto wake walisikia. Hakuna kiasi cha fedha kitakachorudisha watoto wale kwenye jumuiya ile.

## Hatua ya 9: Robo mwaka, na kufunga daftari

Kila miezi mitatu (Septemba, Desemba, Machi, Juni) bandikeni kwenye mbao za matangazo za vigango vyote: kilichoahidiwa kwa jumla, kilichopokelewa, kilichotumika na kwa nini. Kwa jumuiya mnaweza kuandika jumla, kwa mtu hapana. Kama Desemba mmepokea chini ya theluthi msishtuke mara moja. Tazameni kwanza ni ahadi ngapi zilisubiri malipo ya mazao.

Juni ya pili, kabla ya kadi mpya, fungeni daftari. Kisichotolewa kifutwe kwa mstari mmoja wa wino mwekundu, tarehe na sahihi ya kamati. Msikihamishe kwenda mwaka mpya kama deni. Kisha waombaji wapite tena nyumba zote, wakianza na zile zilizofutwa, wakiwa na kadi tupu na hesabu ya mwaka mkononi.